Kumlinda Mgonjwa wa Saratani Wakati wa Tiba

Dawa nyingi za saratani zina jambo moja linalozitenga na dawa za kila siku: dozi inayoua uvimbe haiko mbali na dozi inayomuua mwenye uvimbe. Aliyemeza amoksilini mara mbili ya kiasi alichoandikiwa mara nyingi ataharisha tu, na siku ya pili amepona. Aliyepewa siklofosfamidi mara nne ya kiasi chake anaweza kuharibika moyo asiinuke tena. Mionzi nayo iko hivyo. Kwa sababu hiyo usalama wa mgonjwa wa saratani hautokani na ujuzi wa daktari peke yake. Unatokana na taarifa: uzito wake, majibu ya kinyama kilichopimwa, tarehe ya dozi iliyopita, dawa nyingine anazomeza. Taarifa hizo zinapaswa kumfikia kila anayemhudumia zikiwa kamili, na mtu wa pili azikague kabla ya tendo lisiloweza kurudishwa nyuma.

Mfano unaotajwa sana ni wa Boston, Marekani. Mwaka 1994 Betsy Lehman, mwandishi wa habari za afya wa gazeti la Boston Globe, alikuwa akitibiwa saratani ya matiti katika Taasisi ya Saratani ya Dana-Farber. Kiasi cha siklofosfamidi kilichokusudiwa kugawanywa kwa siku nne kilitolewa chote kila siku, kwa siku zote nne. Maagizo yalikuwa yameandikwa kwa namna inayoweza kusomwa kwa njia mbili. Yalipita kwa daktari, kwa wafamasia na kwa wauguzi, na hakuna aliyeyasimamisha. Lehman alifariki Desemba mwaka huo. Kosa lenyewe lilijulikana Februari 1995, pale wahusika wa kumbukumbu za utafiti walipokuwa wakipitia mafaili. Taasisi hiyo ilikuwa na wataalamu wa kiwango cha juu duniani. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumlazimisha kila mmoja wao kupiga hesabu upya badala ya kuamini hesabu ya mwenzake.

Ulinzi huanza kabla ya dripu ya kwanza, na hatua ya kwanza kabisa ni kuhakikisha ugonjwa ni saratani na ni saratani ya aina gani. Katika Afrika Mashariki matezi ya shingoni hutibiwa kama kifua kikuu kwa miezi kadhaa kisha ikaonekana ni limfoma. Na kinyume chake pia hutokea. Kinyama kinachochukuliwa kwa uchunguzi kiwekwe ndani ya fomalini mara moja, katika chombo chenye jina kamili la mgonjwa, namba ya jalada, sehemu kilipotoka na upande wa mwili. Lebo ibandikwe kwenye chombo, si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Mara nyingi ndugu ndiye anayepewa kichupa akipeleke maabara au hospitali ya rufaa kwa basi. Basi apewe pia fomu iliyojazwa, na aandike jina la aliyempokea na tarehe. Kinyama kilichopotea humgharimu mgonjwa upasuaji wa pili na wiki ambazo uvimbe unaendelea kukua.

Majibu yakishatoka, yapo mambo ambayo hayafai kuachwa. Kipimo cha virusi vya UKIMWI, kwa kuwa dawa za kufubaza zinaweza kugongana na dawa za saratani. Kipimo cha homa ya ini aina ya B, kwa kuwa virusi vilivyolala kimya kwa miaka vinaweza kuamka kwa nguvu mgonjwa akipewa rituksimabu au steroidi kwa muda mrefu, na ini likaharibika katikati ya tiba iliyokuwa ikienda vizuri. Kipimo cha ujauzito kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa. Kipimo cha moyo kabla ya doksorubisini. Na kipimo cha figo kabla ya sisplatini, hasa kwa wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambao ni wengi mno katika hospitali za ukanda huu: uvimbe huo hubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, hivyo mgonjwa anaweza kuja na figo zilizokwisha kudhoofika hata kama mwenyewe hajahisi lolote.

Dozi nyingi za dawa za saratani hukokotolewa kwa eneo la ngozi ya mwili, nalo hupatikana kwa urefu na uzito. Hapa ndipo makosa madogo huzaa makubwa. Uzito upimwe kila mzunguko, bila viatu wala mzigo wa kitenge na koti, kwenye mizani ileile, na uandikwe kwa kilo. Si uzito wa kadi ya mwezi uliopita, wala wa kuulizwa mdomoni. Saratani hukondesha; mgonjwa aliyepungua kilo sita tangu mzunguko wa kwanza na bado akapewa dozi ya awali amezidishiwa dawa bila mtu yeyote kukusudia. Wodi nyingi zina kanuni kwamba badiliko la uzito la asilimia 10 hulazimisha dozi ikokotolewe upya. Kwa watoto subira hiyo haifai: wapigiwe hesabu upya kila mara.

Namna ya kuandika nayo ina uzito wake. Sufuri itangulie nukta (0.5 mg), maana nukta iliyofifia huigeuza nusu kuwa tano. Sufuri isifuate nukta, maana "1.0 mg" husomeka 10. Jina la dawa liandikwe lote. Vifupisho vya herufi mbili tatu viachwe kabisa. Kila agizo litaje dozi ya siku moja, idadi ya siku, tarehe zenyewe na jumla ya mzunguko, ili anayesoma aone kama namba hizo zinakubaliana. Njia bora kuliko zote ni fomu iliyochapwa kwa kila aina ya tiba, daktari akajaza namba tu, kisha mfamasia na muuguzi kila mmoja akakokotoa peke yake. Neno "peke yake" ndilo lenye kazi. Muuguzi anayeoneshwa hesabu iliyokwisha kufanywa na kuulizwa "sawa?" hukubali karibu kila mara, kwa adabu au kwa uchovu.

Majina yanayofanana huhitaji uangalifu wa pekee. Sisplatini na karboplatini, doksorubisini na daunorubisini, vinkristini na vinblastini, paklitakseli na dosetakseli: kila jozi ni dawa mbili zenye dozi tofauti kabisa. Dozi ya karboplatini ikitolewa kama sisplatini inaweza kuua figo na kusababisha kifo. Chupa za dawa hizi zisikae rafu moja, na jina lisomwe kwa sauti mbele ya mtu wa pili wakati wa kuchanganya.

Uchanganyaji wenyewe unahitaji kabati maalumu lenye mfumo wa hewa wa kumkinga anayechanganya. Bado vipo vituo ambako muuguzi huchanganya dawa hizi kwenye meza ya wodi, dirisha wazi, akiwa na glovu moja. Hilo humdhuru yeye, na hudhuru mimba yake akiwa nayo. Pale ambapo kabati halijapatikana, walau chumba kitengwe, glovu zivaliwe mbili, gauni lisilopitisha maji na kinga ya macho vitumike, na mjamzito asipangiwe kazi hiyo. Muuguzi anayeogopa dawa hufanya haraka ili amalize, na haraka hiyo inaishia kwa mgonjwa.

Kosa moja linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu linazuilika kabisa na bado limeua watu katika nchi nyingi. Vinkristini hutolewa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kwenye majimaji ya uti wa mgongo huharibu mishipa ya fahamu kuanzia miguuni kwenda juu, na karibu kila mara mgonjwa hufa kwa maumivu baada ya siku au wiki kadhaa. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kosa hutokea kwa sababu wagonjwa haohao wanaohitaji vinkristini ya mshipani, hasa wenye leukemia na limfoma, huhitaji pia dawa nyingine, kwa kawaida methotreksati au sitarabini, ya kuingizwa mgongoni. Mwaka 2001 kijana wa miaka 18, Wayne Jowett, aliyekuwa akiendelea vizuri na matibabu ya leukemia mjini Nottingham, Uingereza, alidungwa zote mbili mgongoni. Alifariki mwezi uliofuata.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza kutoka Kampala mwaka 1958, huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, Kanda ya Ziwa ikiwemo. Matibabu yake ya kawaida yana siklofosfamidi na vinkristini mshipani, na methotreksati mgongoni. Yaani mtoto mmoja, katika wiki moja, pengine siku moja, akiwa amelazwa usingizi kwa ajili ya sindano ya mgongo, ana mabomba mawili ya dawa yaliyoandikwa jina lake.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari yenye suluhisho rahisi: vinkristini isiwekwe kabisa kwenye bomba la sindano, bali ichanganywe ndani ya mfuko mdogo wa dripu. Mfuko wa mililita 50 hauwezi kuunganishwa kwa bahati mbaya na sindano ya mgongo. Umbo lake lenyewe linazuia. Hospitali yoyote inayotibu leukemia na limfoma inaweza kuanza hilo kesho, kwa gharama ya mfuko mmoja wa maji ya chumvi. Yaongezwe mengine mawili: dawa za mgongo zitolewe katika chumba na siku tofauti na vinkristini, na mfamasia asitoe dawa ya pili mpaka aoneshwe kwamba ya kwanza imekwisha kutolewa. Mzazi naye ana haki ya kuuliza kabla ya kila sindano ya mgongo: dawa hii inaitwaje? Akisikia vinkristini, aizuie palepale.

Kitandani, wakati dripu inaingia, mgonjwa mwenyewe ndiye kipimo bora. Doksorubisini, dawa nyekundu inayojulikana kwa wagonjwa wengi kwa rangi yake, ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama hadi kidonda kirefu kinachoweza kuhitaji upasuaji. Dalili ya kwanza ni kuwashwa, kuungua au uvimbe pale kanula ilipo. Mgonjwa aambiwe kabla: asivumilie. Wagonjwa wengi, hasa kina mama, hukaa kimya wakidhani maumivu ni sehemu ya tiba au wakiogopa kumsumbua nesi. Dawa isimamishwe papo hapo, kanula isitolewe mpaka kilichomo kivutwe kwa bomba, kisha eneo la doksorubisini liwekewe ubaridi; kwa vinkristini huwekwa joto. Paklitakseli ina hatari nyingine, mzio mkali ndani ya dakika chache za mwanzo, hivyo muuguzi asiondoke karibu na kitanda kipindi hicho, na adrenalini iwe tayari mahali inapofikika, si kabatini kwenye kufuli.

Baada ya dripu mgonjwa hurudi nyumbani, na hapo ndipo hatari kubwa zaidi kwa wengi inapoanza. Dawa za saratani huua pia chembe changa za uboho, na kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu huwa chache kabisa. Katika siku hizo bakteria wa kawaida wa mdomoni au tumboni wanaweza kuingia kwenye damu na kuua mtu kwa saa chache. Mwili hauna askari wa kutosha kutengeneza usaha au uvimbe, hivyo hakuna jipu, pengine hakuna hata kikohozi. Homa ndiyo dalili, na mara nyingi ndiyo pekee.

Katika nchi zenye malaria, homa hiyo hukutana na mazoea ya miaka mingi. Mgonjwa hupewa Panadol, joto likashuka, familia ikapumua. Au huenda duka la dawa muhimu, akapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, kikasoma chanya, akapewa dawa ya mseto na kurudi kulala. Kipimo hicho kinaweza kuwa cha kweli kabisa na bado kikampoteza mgonjwa: watu wengi wanaoishi maeneo yenye malaria hubeba vimelea bila kuumwa navyo. Kuonekana kwa malaria hakuondoi maambukizi ya bakteria kwenye damu. Atibiwe yote mawili, na antibayotiki itangulie.

Kanuni ya nyumbani ni fupi. Kila mgonjwa anayepewa dawa za saratani awe na kipimajoto, na ajue kukisoma yeye au anayemuuguza. Joto likifika 38 na kubaki hapo kwa saa moja, au likifika 38.3 hata mara moja, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, iwe saa nane ya usiku au siku ya Idi. Kwapani joto husoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo 37.5 ya kwapani ikiambatana na baridi kali isipuuzwe. Kutetemeka peke yake, hata bila kipimajoto, kunatosha kuondoka nyumbani. Panadol isitangulie kipimajoto, maana hufunika kile kinachotafutwa. Nauli ya dharura iwekwe kando tangu siku ya dripu, na namba ya simu ya bodaboda au ya jirani mwenye gari iwe inajulikana mapema.

Zahanati au kituo cha afya anakofikia kina kazi moja kubwa: kutoa dozi ya kwanza ya antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu afike. Dozi hiyo isisubiri majibu ya maabara, wala foleni, wala gari la wagonjwa. Rufaa ifuate baada ya dozi. Mgonjwa asipewe sindano ya takoni wala dawa ya kuweka njia ya haja kubwa, kwa kuwa chembe sahani nazo huwa zimepungua na mahali hapo panaweza kuvuja damu au kuingiza maambukizi. Kama hospitali aliyotibiwa haikumpa kadi, mhudumu wa zahanati hatajua lolote kati ya haya. Ataona mtu mwenye homa katika benchi la watu wenye homa. Kadi hiyo iseme kwa maneno makubwa: ANATIBIWA KWA DAWA ZA SARATANI, HOMA NI DHARURA, kisha tarehe ya dripu ya mwisho, majina ya dawa, na namba ya simu inayopokewa usiku. Kati ya yote yanayoweza kufanywa kwa fedha kidogo katika hospitali zetu, kadi hii pamoja na kipimajoto ndivyo vinavyoelekea kuokoa maisha mengi zaidi.

Pamoja na kadi liwepo daftari, lenye mambo yasiyopaswa kupotea: aina ya saratani, tarehe na dozi ya kila mzunguko, matokeo ya damu, mzio. Wagonjwa huhama. Aliyeanza hospitali ya Bugando, Tanzania, humalizia Ocean Road. Aliyeanza Nairobi hurudi kwao na kuendelea Eldoret. Doksorubisini ina kikomo cha maisha yote, kwa kawaida kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita mraba ya mwili, na inaweza kuudhuru moyo hata baada ya miaka. Daktari wa pili asiyejua kiasi alichotoa wa kwanza anaanza hesabu upya kutoka sufuri, na moyo hauanzi upya. Picha ya kila ukurasa kwenye simu ya ndugu ni nakala nzuri ya akiba.

Dawa nyingine za nyumbani zinahitaji kusemwa wazi. Septrin, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI humeza kila siku, ikikutana na methotreksati inaweza kuuzima uboho. Diklofenaki na dawa za maumivu za jamii yake huzuia figo kuitoa methotreksati na huongeza mzigo wa sisplatini. Juisi ya balungi hubadilisha kiwango cha dawa kadhaa za vidonge katika damu, imatinibu ikiwa mojawapo. Dawa za mitishamba zina shida ya aina mbili: baadhi hugusa ini na figo, na nyingine, hata zisizo na sumu, humfanya mtu aache tiba. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya hapo. Kumkaripia mgonjwa anayetumia mitishamba hakusaidii, humfundisha kuficha. Swali liulizwe kwa upole kila mahudhurio: kuna chochote kingine mnachotumia nyumbani? Majibu yaandikwe kwenye jalada bila maneno ya hukumu.

Vidonge vya saratani huonekana vya kawaida na kwa hiyo hudharauliwa. Methotreksati ya vidonge, kwa matumizi mengi, hunywewa mara moja kwa wiki. Aliyeimeza kila siku kwa kufuata mazoea ya "kutwa mara moja" anaweza kufa kwa uboho kukauka na mdomo kujaa vidonda. Bahasha ya dawa itaje siku yenyewe: "Jumatatu tu". Vidonge visipondwe wala kuvunjwa nyumbani, na mjamzito asivishike kwa mikono mitupu. Kwa siku mbili baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi hubeba mabaki ya dawa: anayefua shuka avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi, nguo hizo zifuliwe peke yake, na choo kimwagiwe maji mengi na kufunikwa. Kumkumbatia mgonjwa, kula naye na kulala naye chumba kimoja hakuna madhara. Hili lisemwe kwa sauti katika kila familia, kwa sababu wagonjwa wengi hutengewa sahani na kuteseka kwa upweke usio na sababu.

Morfini ya maji ni neema ambayo Uganda iliifungulia njia. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, lilionesha kwamba inaweza kutengenezwa kwa unga na maji kwa bei ndogo. Huko Uganda rangi hutofautisha nguvu yake: kijani ni miligramu 5 katika mililita 5, nyekundu ni 50, buluu ni 100. Kijiko kilekile kutoka chupa nyingine kinaweza basi kubeba dozi mara kumi, hata ishirini. Familia ipewe bomba la kupimia, ioneshwe mstari, nayo ioneshe mbele ya muuguzi kabla ya kuondoka. Dozi iandikwe kwa miligramu na kwa mililita pamoja. Chupa ikae juu, mbali na watoto, na dawa isimiminwe kwenye chupa ya soda. Dawa ya kulainisha choo itolewe tangu siku ya kwanza. Usingizi mzito usioamshika na pumzi za polepole sana ni dalili ya kuzidi, na hapo dozi inayofuata isitolewe, mgonjwa apelekwe hospitali. Lakini hofu ya morfini nayo ni hatari: kumnyima mwenye maumivu makali kwa kuogopa uraibu ni madhara kamili, yasiyoandikwa katika daftari lolote la matukio.

Dawa bandia hufuata palipo na bei kubwa na uhaba. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu dawa bandia za saratani za Avastin na Sutent zilizokutwa Afrika Mashariki. Familia inayotumwa kununua dawa nje ya hospitali inunue kwenye famasia iliyosajiliwa, idai risiti, na ilete boksi zima lenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, si chupa tupu iliyofungwa kwenye karatasi. Dawa zinazotakiwa kukaa kwenye baridi zisafirishwe kwenye chombo chenye barafu. Muuguzi anayeona maandishi yenye makosa ya herufi au kifuniko kilichofunguliwa asitumie, na mamlaka ya dawa iarifiwe: TMDA Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu Kenya, NDA Uganda.

Mionzi ina hatari isiyoonekana, na kosa lake halimgusi mgonjwa mmoja bali kila aliyepita chini ya mashine. Mjini San José, Kosta Rika, mwaka 1996, baada ya chanzo cha kobalti kubadilishwa, dakika 0.3 ilichukuliwa kama sekunde 30 badala ya 18. Kila muda wa tiba ukawa mrefu kupita kiasi kwa takriban theluthi mbili, na wagonjwa 115 wakazidishiwa mionzi kabla kosa halijagunduliwa. Kinga yake ni kwamba mtaalamu wa fizikia wa pili, asiyeona hesabu ya kwanza, apime mashine upya kila chanzo kinapobadilishwa. Na wauguzi na wahudumu wa mionzi wasikilizwe wanaposema ngozi za wagonjwa wa wiki hii zinaungua kuliko kawaida.

Kukatika kwa tiba nako ni madhara. Mashine ya mionzi ya kobalti ya hospitali ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, wagonjwa wa nchi nzima ya Uganda walibaki bila huduma hiyo nchini mwao. Kwa saratani ya mlango wa kizazi tiba nzima ya mionzi inapaswa kwisha ndani ya wiki nane. Kila siku inayozidi hupunguza uwezekano wa uvimbe kudhibitiwa. Kwa hiyo hospitali yenye mashine moja iwe na makubaliano ya maandishi na kituo kingine kabla haijaharibika, na mgonjwa asikose siku kwa sababu ya nauli au malazi bila ofisi ya ustawi wa jamii kujua. Alama za wino kwenye ngozi zisisuguliwe. Kila asubuhi mgonjwa aulizwe jina lake, alitaje mwenyewe. "Wewe ni Mama Neema?" ni swali baya, kwa kuwa mtu mchovu au asiyesikia vizuri huitikia jina lolote.

Makosa yatatokea hata katika wodi nzuri, na kinachofuata ndicho kinachoamua kama yatarudi. Daftari la matukio liwe wazi kwa wote, lipokee pia yale yaliyokaribia kutokea yakazuiwa, na lijadiliwe kila wiki kwa dakika chache: hatua gani iliruhusu hili? Muuguzi anayeadhibiwa kwa kuripoti huwafundisha wenzake wote kunyamaza, na mwezi ujao kosa lilelile hutokea kwenye kitanda kingine. Mgonjwa aliyedhurika, au familia yake, aelezwe na daktari mwandamizi siku hiyohiyo, kwa lugha anayoielewa: kilichotokea, madhara yanayotarajiwa, dawa au vipimo vitakavyofuata, na jina la mtu mmoja atakayemfuatilia. Gharama za kutibu madhara hayo zisiandikwe kwenye bili yake.